Raketi Niliyoifunga Mafundo

Mwanangu Saada,

Assalaam alaykum. Umepanda bodaboda kwenda Utende kumuaga shangazi yako, mama yako yuko jikoni anakaanga visheti vyako vya safari, na mimi nimekaa barazani na karatasi, kalamu, wembe na ile raketi yako ya kwanza. Habari ya wembe utaielewa mbele. Mambo ya chandarua, ya nauli, na nani umpigie ukishateremka botini Nyamisati, mama yako ameshakuambia na atakuambia tena mlangoni. Mimi nayaruka.

Jana baada ya kula ulikuwa unakusanya sahani, ukasema, "Baba, chuo hakikimbii. Nitakwenda mwakani, ukishapata nguvu." Ulisema taratibu, kama mtu anayesema chumvi imekwisha. Sikukujibu. Ukadhani nimenyamaza kwa sababu nimechoka. Nilinyamaza kwa sababu nilifurahi, na furaha ile ilinitia aibu usiku kucha.

Hufai kuacha safari yako kwa ajili ya mtu usiyemjua sawasawa. Kwa hiyo leo nataka unijue.

Naanza na mpira. Unaujua ni upi, ingawa hujui kwamba sijaacha kuufikiria tangu siku ile. Ilikuwa alasiri, umetoka kusukwa nywele na mama yako, mafuta ya nazi yanang'aa mpaka kwenye viganja. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu mwisho wa sakafu ya kuanikia mbata, tuliyoigeuza uwanja wa tenisi, upande wa pili wa wavu, kazi yangu ikiwa kukurudishia mipira kwa fimbo. Ukaupiga mmoja kutoka chini kwenda juu, kwa nguvu kuliko kawaida. Ulipita juu ya wavu kwa kimo ambacho, kwa miaka yote niliyokuwa nakutazama, kilikuwa na maana moja tu: mbuzi wa jirani yetu Bi Tatu. Nikageuza shingo kuutazama unakoangukia. Haukufika huko. Ulipopita wavu uliinama kama mtu aliyeitwa, ukaingia ndani ya mstari, ukagusa saruji, kisha ukaruka ukanipiga kifuani.

"Upepo," nikasema.

"Hakuna upepo, Baba. Tazama minazi."

Nikatazama minazi. Haikutikisika hata kuti moja.

Mwanangu, nimefundisha fizikia hapa Kilindoni tangu nywele zangu zikiwa nyeusi zote. Nimechora mpira unaozunguka ubaoni mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Niliwaeleza wanafunzi kwamba mpira unaozunguka kuelekea mbele hukokota hewa pamoja nao. Ya juu hukwama, ya chini hupita upesi, na mpira husukumwa chini. Maelezo hayo ni sahihi na niliyajua kwa moyo. Lakini sikuwahi kupigwa nayo kifuani. Nilibaki nimeshika pale mpira uliponigusa, na wewe ukadhani umeniumiza, ukaja mbio. "Baba, moyo?" Nikasema hapana. Ulikuwa moyo, ila si kwa namna uliyoogopa.

Sasa nirudi nyuma, kwa sababu mpira ule ulitoka mbali.

Babu yako alikuwa mfuma nyavu. Mimi sikumudu bahari, lakini kabla sijajua kusoma nilijua kupiga fundo. Alikuwa akichukua kipande nilichofuma, anaingiza vidole viwili kwenye jicho la wavu na kulipanua. Jicho likiteleza, alinirudishia bila maneno. Likishika, aliguna. Mguno ule ndio sifa pekee niliyopata kwake. Uzi unaoteleza, kwetu sisi, ni samaki aliyekwenda zake.

Nilipoletewa ile raketi ya kwanza, iliyoachwa na mgeni wa hotelini, nyuzi zimekatika zote, nilikwenda dukani kwa Hassanali kutafuta mshipi mnene wa nailoni. Ulikuwa darasa la nne, umenishika kanzu.

"Mwalimu," akasema, "unataka kuvua samaki gani na huyu mtoto?"

"Anayeruka juu ya wavu."

"Huyo sina mshipi wake. Mimi nauza wa kuvulia wanaozama."

Ulicheka mpaka nyumbani. Sikujua kwamba bwana yule, kwa mzaha tu, alikuwa ameniambia jambo lote: kinachoruka juu ya wavu sharti kijue kuzama.

Nilisuka nyuzi zile mwenyewe, nikivuta kwa kijiti na kubana kwa koleo. Ukaanza kupiga. Kila baada ya mipira michache nyuzi ndefu zilihama, zikawa zimepinda, nawe ukazinyoosha kwa vidole. Mimi niliona jicho la wavu linateleza. Nikamwona babu yako ananirudishia kazi. Basi usiku mmoja nikachukua uzi mwembamba wa kufumia, na kila mahali uzi mrefu ulipokutana na uzi wa kukingama nikapiga fundo, moja baada ya moja, uso mzima wa raketi. Asubuhi nikaingiza vidole viwili nikapanua. Hakuna kilichosogea. Niliguna, Saada. Nilijigunia mwenyewe kama baba yangu.

Na hesabu yangu ilikuwa inaniunga mkono, ndiyo hatari ya mtu aliyesoma. Nilijiambia: ili mpira uzunguke, uso uushike. Ili uso uushike, usiteleze. Kwa hiyo nimeufunga. Ni msuguano, mada ya kidato cha pili. Niliandika hata mchoro.

Tangu siku ile mipira yako ikaanza kwenda kwa Bi Tatu. Unamkumbuka alivyokuwa akisimama ukutani, mkono kiunoni.

"Mwalimu, leo tena mmempiga mbuzi wangu mwenye mimba."

"Samahani, bibi. Mtoto anajifunza."

"Ajifunze upande wa bahari basi. Samaki hawana mimba."

Mipira ilikuwa inatoka imenyooka, haina mzunguko, na chochote kisicho na mzunguko ukikipiga kwa nguvu hakirudi chini kwa wakati. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti na jawabu limening'inia mkononi mwako, nami nikatafuta kosa mahali pengine. Nikalipata kwenye mkono wako.

Tulipokwenda Dar es Salaam kwenye yale mashindano ya shule, ulishindwa mchezo wa kwanza. Mpira baada ya mpira ulitua nje kidogo tu. Yule mama kocha wa chuo alikuja akashika raketi yako, akaigeuzageuza, akauliza, "Nani kafunga hivi?" Ukamjibu, "Baba yangu, mwalimu wa fizikia." Akanitazama mimi na mvi zangu, akanyamaza. Heshima yake ilitugharimu. Aliusifu mguu wako, akakupa raketi ya pili isiyo na nyuzi, akaondoka.

Kwenye boti ya kurudi, mbele ya abiria, nilikuambia, "Mkono wako mzito. Hauna mzunguko. Mkono mwingine huzaliwa hivyo." Ulikuwa umekaa na begi magotini. Ulisema, "Ndiyo, Baba." Kisha ukaanza kuugeuza mkono wako wa kulia, kiganja juu, kiganja chini, ukiutazama kama kitu ulichonunua ukakuta kibovu. Nimekiona kile kitendo chako kila siku tangu hapo. Asubuhi ukipika uji unaugeuza. Ukisubiri mtu kwenye simu unaugeuza.

Raketi ya pili niliisuka kwa mshipi uleule. Nilikusudia kuifunga mafundo pia, lakini ugonjwa ulikuwa umeanza kuingia mikononi, uzi mwembamba ukawa hauingii ninapotaka. Nikaiacha hivyo, nikikuambia nitaimalizia. Kutetemeka kwangu ndiko kulikokuokoa. Halafu ikaja alasiri ya nywele na mafuta ya nazi, ukanyoosha nyuzi kwa vidole vile, ukapiga, na mpira ukanigonga kifuani.

Uliponiletea raketi nilinusa, nikagusa, nikakasirika.

"Umepaka mafuta kitu kinachotakiwa kushika?"

"Kishike nini, Baba?"

"Kishike mpira."

"Mpira si umeshika? Umekuja kifuani kwako."

Nikakurudishia raketi. Ukachukua simu yako, ukaiegemeza kwenye tofali, ukaiweka ile namna ya kupiga picha zinazokwenda polepole. Ukaniomba nikurushie mpira. Ukaupiga. Kisha ukanipa simu ukaenda kuswali.

Nilikaa peke yangu na ile picha. Ninataka ukione nilichokiona, kwa sababu hatukukitazama pamoja, na kosa hilo ni langu.

Mpira unakuja, manyoya yake yamesimama. Unagusa uso, na uso unabonyea kama godoro. Mpira unajilaza ndani, unapoteza uduara wake. Hapo umeshashikwa tayari; hauhitaji fundo la mtu. Raketi inapanda, na mpira, kwa kuwa umeshika, unabaki nyuma na kuzikokota zile nyuzi ndefu. Zinasogea, Saada. Zinasogea pamoja, kama watu waliokaa kwenye mkeka wanavyosogezana kumpisha mgeni. Zinateleza juu ya nyuzi za kukingama, zinapinda, zinavutika. Na mpira bado umo. Halafu zinarudi. Zinaruka kurudi mahali pake upesi kuliko zilivyoondoka, na katika kurudi huko zinaukwangua mpira mgongoni na kuuzungusha. Ule mzunguko wa ziada, ule uliouinamisha juu ya wavu, unatoka hapo. Mpira unaondoka unazunguka, nyuzi zinatetemeka kidogo, kisha zinatulia kana kwamba hazikufanya lolote.

Yote hayo kwa kitambo ambacho jicho haliwezi hata kuanza kupepesa.

Nilirudia, na nikarudia. Subhanallah, nilikuwa nikisema bila kujua nimetamka. Kumbe pana misuguano miwili. Uzi na mpira, hapo unataka kushika. Uzi na uzi mwenzake, hapo unataka kuteleza. Mimi nilifikiria mmoja, na kwa ajili yake nikaua wa pili kwa fundo, jicho kwa jicho. Mafuta ya nazi ya mama yako yaliingia kwenye makutano na kufungua nilichokuwa nimekikataza. Nilihisi kama mtu aliyeishi nyumba moja miaka yote, siku moja akaegemea ukuta, ukafunguka, kukawa na chumba. Kwenye chumba hicho taa ilikuwa inawaka siku zote. Kila mpira uliopigwa na kila mtu popote duniani ulipita humo, na mimi nimekaa nje ninaeleza ukuta.

Nilitazama mpaka simu ikaisha chaji. Ulirudi umejifunga khanga ya kuswalia.

"Umeona nini, Baba?"

Na hapa ndipo ninapotaka unijue. Nilikuambia, "Haionyeshi kitu. Simu mbovu hii. Kaoshe hizo nyuzi kwa sabuni."

Ukaziosha. Nilikusikia uani unamimina maji.

Kama ningekuambia ukweli, lingefuata la mkono. Ungejua kwamba mkono wako haukuwa mzito hata siku moja, kwamba ulishindwa Dar es Salaam kwa mafundo yangu. Aibu ilinishika, lakini aibu ningeimeza. Jambo baya zaidi lilikuwa chini yake. Daktari alikuwa ameshaniambia kuhusu moyo. Nilijua kwamba msichana mwenye mkono mzima anaondoka, na msichana mwenye mkono mbovu anabaki kwa mwalimu wake. Baada ya muda yule mama kocha akapiga simu, anataka uende mwaka uleule. Nikamwambia, "Mkono wake bado." Nikaja kukwambia hivyohivyo, ukainamisha kichwa, ukasema, "Kweli, bado." Picha ilikuwa bado imo kwenye simu yako, mfukoni mwako, nawe unakubaliana nami.

Nilikuchukulia mwaka. Najua uliendelea kupaka mafuta nikilala, kwa sababu mipira ilianza kuinama na Bi Tatu akaanza kuuliza kama tumehama. Nikajifanya nimekunyoosha mkono kwa mazoezi. Ukanishukuru. Sijui kama kuna neno lililonichoma kama ile asante.

Mwaka huu alipopiga tena nilikubali upesi kabla moyo wangu haujanishauri. Nikadhani hilo linatosha, uondoke nami nibaki na siri yangu, nizikwe nayo. Halafu jana ukasimama na sahani mkononi ukaniambia utabaki. Unataka kumlipa mwalimu aliyekurekebisha mkono. Mwalimu huyo hayupo, mwanangu. Yupo mzee aliyekufunga.

Nisamehe ukiweza. Usipoweza leo, nenda na uchungu wako, utapungua njiani au hautapungua. Sikuombi uharakishe.

Siogopi ninakokwenda. Nilikuwa naogopa, lakini tangu picha ile uoga umebadilika ukawa kama ule wa mtoto aliye nje ya mlango wa darasa jipya. Nilidhani najua kilichomo ndani ya mpigo mmoja wa raketi, na humo mlikuwa na kwenda na kurudi, na mahali pa kujilaza, na msaada unaotoka kwenye kitu kinachoonekana kimeshindwa kujizuia. Kama hayo yote yanaenea ndani ya kitambo kisichoonekana, mimi ni nani niseme kwamba pumzi ya mwisho ni fupi? Pengine ni pana sana. Nitaona. Sitaweza kukuandikia, lakini nitaona, inshaallah.

Nilitaka hapa nikuambie kwamba wewe ni ule uzi, ukiachiwa unakwenda na kurudi. Kisha nikakumbuka nimeshakufundisha vya kutosha na kwa makosa. Uzi ni uzi. Wewe ni Saada.

Ila jambo moja la kwenye picha sijakuambia. Uzi mmoja, wa pembeni, ulichelewa. Mpira ulikuwa umeshaondoka ndipo ukarudi mahali pake. Niliutazama huo kuliko wote. Haukuzungusha kitu, lakini haukuwa na kosa lolote. Ulikwenda kadiri ulivyovutwa, na ukarudi. Ukija likizo umechelewa, ukakuta kiti changu kitupu, ukumbuke kwamba baba yako aliuona uzi ule na hakuulaumu.

Mama yako ananiita nile, na nasikia bodaboda huko barabarani, huenda ni yako. Nimalize habari ya wembe.

Tangu adhuhuri, kila ninapochoka kuandika nashika raketi hii ya zamani na kukata mafundo. Yameliwa na chumvi lakini bado yanashika. Babu yako angeguna. Mengine yamenitoa jasho. Nimeyakata yote, uso umelegea, nikiusukuma kwa kidole gumba nyuzi zinakwenda na kurudi, na kila mara nacheka peke yangu, mama yako anachungulia kuona nimepatwa na nini. Limebaki moja, karibu na mpini, ambalo nililipiga mara mbili nikiwa na nguvu zangu. Vidole vimegoma.

Kesho asubuhi utakuja kuniamkia. Usiniulize kama ubaki. Shikamoo yako nitaitikia, na marahaba yangu uisikie kuwa ndiyo ruhusa. Raketi itakuwa juu ya kiti, wembe kando yake. Likate lile fundo kwa mkono wako wa kulia, mbele yangu, nikuone unavyoutumia. Kisha ushuke bandarini.

Baba yako.